Fumbo la maneno lenye mada: uanze na orodha au uanze na hila?

Anayetaka kutunga fumbo la maneno lenye mada, liwe la ubao wa shule, la jarida la kwaya au la kupozea safari ya treni kutoka Kigoma hadi Tabora, ana njia mbili za kuanzia. Ya kwanza ni kushika somo moja, tuseme Ziwa Tanganyika, kuorodhesha maneno yake na kuyapanga kwenye miraba. Ya pili ni kutafuta hila ndani ya herufi zenyewe: maneno yasiyo na undugu wowote wa maana, lakini yote yanafanya mchezo mmoja, na mchezo huo ndio unakuwa mada. Mafumbo ya namna zote mbili huitwa yenye mada. Kazi ya kuyatunga hutengana tangu dakika ya kwanza, na anayejaza hupata raha tofauti kabisa.

Mimi nipo Kigoma na natunga za aina zote mbili. Upendeleo wangu sitauficha.

Mada yenyewe si sharti. Fumbo linalohesabiwa kuwa la kwanza, lile la Arthur Wynne katika gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913, halikuwa na mada. Lilikuwa na umbo la almasi na maneno ya kila namna. Hata leo fumbo la mchanganyiko ni rahisi kutunga kuliko lenye mada, kwa sababu ukikwama unalibadilisha neno na maisha yanaendelea. Ukishajifunga na mada, kuna maneno ambayo hayabadilishiki, na jedwali lote linayatii hayo.

Njia ya orodha

Uzuri wa orodha ni kwamba mawazo yapo tu, yanakusubiri. Nenda mwaloni Kibirizi dagaa wakianikwa, pita stesheni, rudi na daftari limejaa: KIGOMA, UJIJI, GOMBE, LIEMBA, MAHALE, DAGAA, MGEBUKA, MAWESE, KARABAI, SOKWE, UVINZA, MALAGARASI, TANGANYIKA. Asubuhi moja inatosha.

Kazi inaanza unapohesabu herufi. Jedwali la kawaida hupangwa kwa ulinganifu: ukiligeuza karatasi juu chini, miraba meusi inabaki palepale. Maana yake ni kwamba kila neno la mada linahitaji mwenza wa urefu uleule upande wa pili, au likae katikati kabisa, na hapo liwe na idadi witiri ya herufi ikiwa jedwali lako ni la 13 kwa 13 au 15 kwa 15. Ziwa letu linakubali vizuri ajabu. TANGANYIKA ina herufi 10, na MALAGARASI, mto unaomwaga maji humohumo ziwani, nao una 10. MGEBUKA 7, KARABAI 7. KIGOMA 6, LIEMBA 6. UJIJI 5, weka katikati. Una maneno saba ya mada na jedwali limeshapata uti wa mgongo kabla hujachora mraba hata mmoja.

Si kila orodha itakupa bahati hiyo. Jaribu kumwingiza LIVINGSTONE, herufi 11, na utamtafutia mwenza mpaka uchoke. STANLEY ana 7. Walikutana Ujiji mwaka 1871, lakini kwenye jedwali hawakutani. Hapa ndipo watunzi wengi huharibu: wamelipenda neno, wanalilazimisha, halafu pembeni yake wanajaza vifupisho visivyojulikana na mtu. Neno lisilo na mwenza liache, hata kama ni la kwanza kwenye orodha yako.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba siri inaisha mapema. Anayejaza akishaandika KIGOMA na UJIJI, anajua kinachokuja, na ukiwa umeweka kichwa cha habari "Ziwa Letu" ndiyo kabisa. Kinachobaki ni mtihani wa jiografia. Kwa hiyo uzito wote unahamia kwenye vidokezo. Chukua LIEMBA. Kidokezo cha uvivu ni "Meli ya Ziwa Tanganyika". Kinafaa darasa la nne, basi. Sasa soma hiki: "Ilizamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924". Asiyejua historia ya ile meli ya Kijerumani iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen atasimama na kujiuliza ni kitu gani kinachozamishwa na wenye mali yao. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, ila huyu wa pili amepewa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye orodha za majina ya mahali. Usiyavukanishe majina mawili ya pekee kwenye herufi isiyokisika. KALEMIE ikikatana na KAKONKO kwenye K, mtu wa Tanga asiyejua mji huo wa ng'ambo ya ziwa wala wilaya hiyo yetu hana pa kushika. Jina la pekee lipitie kwenye neno la kawaida, angalau kwenye herufi zake ngumu.

Njia ya hila

Huku mawazo hayapatikani mwaloni. Yanapatikana ukiwa umeketi unaangalia maneno kwa jicho baya, kama fundi anayegonga ukuta kusikiliza pako wapi patupu. Kinachonipa matunda zaidi katika Kiswahili ni neno kujificha ndani ya neno. Maneno yetu ni marefu, yana viambishi mbele na nyuma, na silabi chache hurudiarudia, kwa hiyo mnyama anaweza kulala ndani ya neno la serikali bila mtu kushtuka.

Tazama: OFISI ina FISI. (Wasomaji watacheka hapo, waache wacheke.) HEKIMA ina KIMA. MIPAKA ina PAKA. TAIFA ina TAI. KIMBUNGA ina MBU. Kisha linakuja lile linalomfurahisha mtunzi kuliko yote: KUKUMBWA, ambalo ukilikata katikati ni KUKU na MBWA, hakuna herufi iliyobaki. Pima urefu: OFISI na TAIFA 5, HEKIMA na MIPAKA 6, KUKUMBWA na KIMBUNGA 8. Wenza wamekamilika. Katikati ya jedwali weka MAFICHONI, herufi 9, kwa kidokezo "Waliko wanyama sita wa fumbo hili, na mmoja ana mgeni". Hilo ndilo neno la kufunulia. Anayejaza anafika hapo akiwa ameshaandika maneno sita yasiyohusiana, ofisi, hekima, mipaka, anarudi nyuma kuyatazama upya, na ghafla jedwali zima linageuka zizi.

Orodha haiwezi kumpa mtu mgeuko huo. Ndiyo maana kwa watu wazima wanaopenda maneno mimi huchagua hila.

Ila gharama yake ni kubwa, na nionyeshe mahali ambapo mtunzi mkali angelipinga fumbo langu. Katika OFISI, HEKIMA na MIPAKA mnyama yuko mkiani mwa neno. Katika TAIFA yuko kichwani. Katika KIMBUNGA yuko tumboni. Hila nzuri hutenda jambo moja kwa namna moja. Ukitaka wote wakae mkiani, TAIFA inatoka na MPAKA inachukua nafasi yake. Lakini MPAKA na MIPAKA haviwezi kukaa jedwali moja, maana ni neno moja kwa umoja na wingi, basi MIPAKA inatoka na MWANZI inaingia na nzi wake. Mpaka hapo vizuri. Sasa KIMBUNGA nayo itoke, na KUKUMBWA inabaki mjane, kwa kuwa neno jingine la herufi 8 linaloishia na mnyama halipatikani kirahisi. Unabaki na uchaguzi: usafi bila KUKUMBWA, au KUKUMBWA pamoja na ulegevu kidogo. Ningemchukua KUKUMBWA bila kuomba radhi. Mwingine angeukata mkono wake kabla ya kufanya hivyo, na hoja anayo.

Sharti la pili halina mjadala: maneno ya kujazia, yale yasiyo ya mada, yasiwe na mnyama hata mmoja. Ukimwacha KUMBUKA pembeni, amebeba mbu wa bure, na hesabu ya wanyama sita imeharibika. Kwa hiyo hila inakulazimisha kuchunguza kila neno la jedwali, wakati orodha inakuacha ujaze unavyotaka.

Hila haziishii kwenye kuficha. Kuna za kuongeza herufi, za kugeuza neno nyuma mbele, za kubadilisha herufi moja. Iliyosifiwa kuliko nyingi ni ya Jeremiah Farrell katika New York Times, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, tarehe 5 Novemba 1996. Katikati kidokezo kiliulizia habari kuu ya gazeti la kesho yake. Jibu lingeweza kuwa CLINTON au BOB DOLE, yote herufi 7, na kila neno lililokatiza hapo lilikuwa na kidokezo kinachokubali majibu mawili. Mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween, kwa mfano: CAT, yaani paka, au BAT, yaani popo. Matokeo yoyote yangetoka, fumbo lingekuwa limetabiri sawasawa.

Je, Kiswahili kinaweza? Kinaweza, na pengine kwa urahisi zaidi, kwa sababu ya ngeli. SIMBA na YANGA zote zina herufi 5. Siku ya mechi ya watani weka katikati "Atakayecheka leo jioni". Maneno ya kukatiza ni haya. Pale S inapobishana na Y: SOTE au YOTE, kidokezo "Sisi ___, mambo ___". Pale I inapobishana na A, ikiwa herufi ya pili ya neno la wima: MIEMBE au MAEMBE, kidokezo "Fahari ya Tabora". Pale M inapobishana na N: MZURI au NZURI, "Mchezo ___, timu ___". Pale B inapobishana na G: BATI au GATI, "Lipo bandarini". Herufi ya mwisho ni A kwa timu zote mbili, kwa hiyo hapo neno lolote lenye A linatosha.

Angalia lakini ngeli inavyotoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Ukiandika "Ukifika Tabora utaiona kila mahali" umeshasema miembe. Ukiandika "utayaona" umeshasema maembe. Ndiyo maana kidokezo kimebaki "Fahari ya Tabora" na hakuna kiambishi cha kusaliti. BATI na GATI zimepona kwa sababu zote ni za ngeli moja, na "lipo" inazibeba zote mbili. Anayetunga kwa Kiingereza hana shida hii, na hana raha yake pia.

Jedwali la kubana au la kuachia?

Uamuzi huu unahusu njia zote mbili, na kwangu una jibu moja. Majedwali ya Marekani hubana: kila herufi iko ndani ya neno la mlalo na ndani ya neno la wima. Ya Uingereza huachia: maneno yanakatana takriban kwenye kila herufi ya pili, na katikati kuna miraba meusi.

Kiswahili kinateseka kwenye jedwali la kubana. Weka MAJI mstari wa juu. Chini ya M maneno ya wima yatataka irabu, chini ya A konsonanti, chini ya J irabu, chini ya I konsonanti. Basi mstari wa pili unaanza na irabu na kuishia na konsonanti, na maneno yetu, ukiacha machache ya mkopo, hayaishii na konsonanti. Itabidi neno la mstari wa pili lichomoze mraba mmoja mbele, mfano wa ADABU au ELIMU, na la mstari wa tatu lipangwe upya kwa ajili yake. Konsonanti zinazokaa pamoja kama mb, nd na ny huvunja mpangilio na kukuokoa mara mojamoja. Lakini ukiongeza na masharti ya mada, unajitesa.

Jedwali la kuachia linakwenda na lugha. MAJI ikianzia kwenye mraba wa makutano, herufi zinazokatana ni M na J, konsonanti tupu, na irabu zinabaki huru. Kasoro yake ni kwamba anayejaza akishapata M_J_ bado anaweza kusoma MAJI, MOJA au MEJA, kwa hiyo kidokezo kisiwe na utata. Hata hivyo ni afadhali kuliko kusogeza neno mraba mmoja ili irabu ndizo zikatane. Ukimpa mtu _A_I, atakuletea KAZI, NAZI, RADI, MAJI na nusu ya kamusi.

Kwenye fumbo la watani, jedwali hili linakupunguzia kazi. Jibu la katikati likianzia kwenye makutano, unahitaji SOTE/YOTE, MZURI/NZURI na lile neno la A. Likisogea mraba mmoja, unahitaji MIEMBE/MAEMBE na BATI/GATI peke yake. Mimi ningesogeza, miembe ya Tabora siiachi.

Herufi au silabi?

Kwa watoto wadogo kuna njia ambayo hapa kwetu haitumiki sana na inastahili. Mafumbo ya Kijapani huweka silabi moja kwenye kila mraba, kwa sababu ndivyo maandishi yao ya kana yalivyo. Kiswahili kinakubali kabisa:

KI – GO – MA
. . . . . . . . . WE
. . . . . . . . . SE

KIGOMA mlalo, MAWESE wima, zimekutana kwenye MA. DAGAA na MALAGARASI zinakutana kwenye GA. Mtoto wa darasa la pili anayefundishwa kusoma kwa silabi anajaza bila kukwama, na shida ya konsonanti na irabu niliyoieleza hapo juu inatoweka yote.

Kinachopotea ni makutano. Herufi tunazotumia ni chache, silabi ni nyingi mno, kwa hiyo maneno mawili kushirikiana silabi ni bahati zaidi. Na vipimo vyote vinabadilika: TANGANYIKA inakuwa miraba 4 na MALAGARASI 5, ule uwiano mzuri wa 10 kwa 10 umekwenda, ilhali KIGOMA na UJIJI ambazo hazikulingana sasa zote ni 3. Hila ya kuficha wanyama inabaki pale tu mnyama anapokatika kwenye silabi nzima. Fisi wa O-FI-SI yupo, mbu wa KI-MBU-NGA yupo, tai wa TA-I-FA yupo. Kwa silabi basi ningetumia orodha, ulinganifu ningeusahau, na jedwali lingekuwa dogo la maneno manane au tisa. Kwa wakubwa, herufi.

Penseli au programu?

Hapa ni kifupi. Ukifuata orodha, programu inasaidia. EclipseCrossword, kwa mfano, ni ya bure, unaipa maneno na vidokezo, inayaunganisha yenyewe na kukupa ukurasa wa kuchapa. Inayaunganisha kienyeji, bila ulinganifu, lakini kwa ubao wa shule nani atalalamika.

Ukifuata hila, programu kubwa zinazojaza jedwali zinategemea hazina ya maneno, na hazina zinazokuja nazo nyingi ni za Kiingereza. Utalazimika kuunda ya Kiswahili mwenyewe, na swali la kwanza litakuwa vitenzi. Kamusi inakupa "pika". Jedwali linaweza kutaka KUPIKA, ANAPIKA, WALIPIKIWA, na shina moja linazaa maumbo mengi kiasi kwamba hazina ikiyabeba yote, programu itakujazia jedwali la vitenzi vitupu vyenye viambishi visivyo na ladha. Mimi huruhusu nomino, vivumishi na kitenzi chenye KU-. Kitenzi kilichonyambuliwa kinaingia pale tu mada inapokidai, kama KUKUMBWA. Kwa hiyo fumbo la hila bado nalitunga kwenye daftari la hesabu lenye miraba, penseli laini na kifutio, kisha nalichapa likishakaa. Umeme ukikatika kazi haisimami.